Chagua Jiko kwa Kutazama Nyumba, Si Sufuria Peke Yake

(Hotuba ya mfanyakazi wa jamii kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Karatina)



Najua kuna walioacha chai haijachumwa na wengine wameacha mizigo sokoni. Sitawaweka sana.

Nimeombwa niongee juu ya jiko. Kijana akioa, watu husema amepata jiko. La leo si hilo. Leo naongea juu ya jiko la kuni, la udongo na la chuma. Lakini hata hili, ukilichagua vibaya utaishi nalo kwa taabu miaka mingi, na linaweza kukutoa uhai. Hilo la mwisho si mzaha.

Tutatumia njia yetu ya kila siku katika jumuiya ndogo ndogo: Kuona, Kupima, Kutenda.

KUONA

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu si haki kuwafundisha nyinyi huku nimeficha la kwangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi na kikundi cha akina mama upande wa juu, karibu na msitu. Walikuwa wamechoka kubeba kuni kwa mukwa. Tukakubaliana kila mmoja apate jiko la kuokoa kuni, lile lenye kigae cha udongo ndani ambalo halina bomba la moshi. Ni jiko zuri na kuni zilipungua kweli. Mimi nilikuwa na kitabu changu. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikiona jiko limewekwa, naweka alama. Nyumba ishirini, alama ishirini. Nikaandika ripoti na kila mtu akafurahi.

Katika ile nyumba ya mwisho kulikuwa na cucu mmoja aliyeishi na mjukuu wake. Wengine wote walikuwa na jikoni la nje, yeye hakuwa nalo. Alikuwa na chumba kimoja cha mbao, futi kumi kwa kumi na mbili, na ndani alikuwa amebandika makatoni kutoka chini mpaka juu ili baridi isipite. Mjukuu alikuwa na shida ya kifua, kwa hivyo cucu aliziba dirisha kwa blanketi na kuweka gunia chini ya mlango. Mimi niliyaona hayo yote kwa macho yangu. Nikaweka alama, nikaenda zangu.

Ikafika Julai, na mnaijua Julai yetu: ukungu kutoka asubuhi mpaka jioni, jua halionekani wiki nzima. Lile jiko jipya lilipika vizuri lakini halikupasha nyumba joto kama mawe matatu ya zamani. Halikuundwa kwa kazi hiyo, liliundwa moto uende kwenye sufuria. Basi cucu alipomaliza kupika alichota makaa yaliyobaki, akayatia kwenye karai, akaliweka karai karibu na kitanda. Makaa hayakuwa na moshi, na yeye akaona yako salama.

Asubuhi jirani alikuja kuchukua maziwa, akabisha, hakujibiwa. Akavunja mlango. Walikuwa hai, lakini hakuna aliyeweza kusimama. Walibebwa mpaka hospitali, wakawekewa oksijeni, na kwa neema ya Mungu wakapona. Wangechelewa saa moja au mbili, ningekuwa nawaeleza habari ya mazishi.

Nilipomtembelea wodini aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema, “Mwanangu, uliniuliza napika nini. Hukuniuliza nalala vipi.”

Hayo ndiyo mafunzo yangu, na kama mtasahau mengine yote ya leo, shikeni hili: jiko halichaguliwi kwa sababu ya sufuria peke yake. Huchaguliwa kwa sababu ya nyumba, na kwa sababu ya usiku.

Nyumba zetu zimebadilika

Nyumba ya zamani ya nyasi ilipumua yenyewe. Moto uliwaka katikati, mawe matatu, na moshi ulipanda ukapenya polepole katika nyasi. Macho yaliwasha, hatukatai, na kifua kiliumia. Lakini hewa ilikuwa inapita.

Baadaye tukajenga kwa mbao na mabati, halafu kwa mawe. Na sasa tunajenga nyumba ndogo zilizozibwa vizuri: dari ndani, saruji chini, dirisha la kioo, mlango unaobana. Ni jambo jema. Sisi tunaishi zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima wenye barafu. Nyumba inayoshika joto inaokoa kuni na inalinda watoto na wazee. Sitaki mtu aondoke hapa akisema mfanyakazi wa jamii amewaambia watoboe nyumba zao.

Ninalosema ni kwamba tumeifunga nyumba mdomo na pua, halafu tukaingiza ndani moto ule ule wa zamani. Moto nao unapumua. Unavuta hewa ile ile unayovuta wewe, na unatoa uchafu wake mahali ulipo. Katika nyumba kubwa yenye mianya uchafu huo unapata njia. Katika chumba kidogo kilichozibwa, unabaki na wewe.

Adui wawili

Moshi una adui wawili ndani yake.

Wa kwanza tunamwona: ni ule moshi wenyewe na masizi. Huyu huua polepole. Humpa mtoto nimonia, humharibu mama mapafu na macho, huleta magonjwa ya moyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Wengi ni watu kama sisi, wa kuni, makaa, mavi ya ng'ombe na mafuta ya taa.

Wa pili hatumwoni. Ni gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hutoka pale moto unapokosa hewa ya kutosha, na hutoka kwa wingi sana katika makaa mekundu yasiyo na moshi. Ikiingia kwenye damu hukaa mahali pa oksijeni. Mtu huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu. Anadhani ni malaria au uchovu, analala, na haamki.

Kwa hivyo, tafadhali, tuache msemo huu wa kusema makaa yakishakuwa mekundu hayana neno. Yana neno. Na jiko la makaa lenye udongo ndani, lile lililoenea nchini kuanzia miaka ya 1980, linaokoa makaa lakini haliondoi gesi hii. Usilale nalo ndani, wala usiliache kwa mtoto mchanga chumbani.

Na ukimkuta mtu amelemewa, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa, mpeleke hospitali haraka. Kuna wanaosema apewe maziwa. Maziwa hayawezi kuitoa gesi hiyo kwenye damu, na mtu aliyezimia akinyweshwa kitu anaweza kukisonga. Kinachotakiwa ni hewa safi na oksijeni.

KUPIMA

Sasa tupime majiko tuliyo nayo, moja moja.

1. Mawe matatu. Hayana gharama, yanabeba sufuria ya aina yoyote, na yanapasha joto. Lakini yanakula kuni sana, kwa maana sehemu kubwa ya joto hupotea pembeni, na moshi wote unabaki ndani. Yanafaa nje, kwenye harusi na matanga. Katika nyumba ndogo iliyozibwa hayafai.

2. Jiko la kigae lisilo na bomba. Hili ndilo lilisambazwa kuanzia miaka ya 1980 na Maendeleo ya Wanawake pamoja na Wizara ya Nishati, kwa msaada wa Wajerumani. Wengine huliita Maendeleo, wengine Kuni Mbili, wengine Jiko Kisasa. Kigae hujengewa kwa udongo na mawe. Ni rahisi, hudumu, na huokoa kuni. Kama una jikoni la nje lenye mianya juu, ni jiko zuri. Ndani ya chumba unacholala, hapana.

3. Jiko la roketi. Hili lina njia ya moto iliyopinda kama herufi L: kuni huingia chini, moto hupanda katika shimo refu jembamba ambalo linashika joto. Lilianza kuundwa miaka ya 1980 na Mmarekani anayeitwa Larry Winiarski na wenzake. Kwa sababu shimo ni la moto sana, moshi mwingi huungua kabla haujatoka. Shule zetu nyingi zinatumia makubwa ya aina hiyo. Lakini sikilizeni vizuri: moshi kupungua si moshi kuisha. Roketi lisilo na bomba bado ni la jikoni la nje.

4. Jiko la chuma lenye bomba. Wazee wanalikumbuka lile la Dover kwenye nyumba za masetla na za misheni. Siku hizi mafundi wa jua kali wanatengeneza madogo. Linapika, linachemsha maji, linapasha nyumba, na moshi unatoka nje. Ubaya wake ni bei, na chuma chembamba huungua kikatoboka. Tena linapata moto upesi na kupoa upesi.

5. Jiko la matofali lenye bomba. Ndani lina njia ya roketi au kigae, juu bamba la chuma lenye matundu mawili ya sufuria, na nyuma bomba. Matofali yanachelewa kupata moto, lakini yakishapata yanakaa nao. Nchi za baridi kali kama Urusi na Finland zimetumia jambo hili kwa karne nyingi: wanawasha moto mkali kwa muda mfupi, matofali yanabeba joto, na nyumba inabaki na joto usiku moto ukiwa umezimika. Rudieni maneno hayo akilini: joto linabaki, moto umezimika. Kama moto umezimika kabisa, hakuna gesi ya kukuua usingizini.

6. Gesi ya mtungi na ya ng'ombe. Meko ni nzuri kwa chai ya asubuhi. Mwenye ng'ombe wawili wa kufungiwa na maji ya kutosha afikirie gesi ya mavi. Lakini wengi wetu wenye meko bado tunapikia githeri kwa kuni kwa sababu mtungi unaisha haraka, na meko haipashi nyumba. Kwa hivyo mazungumzo ya kuni bado yapo.

Nyumba ndogo iliyozibwa inataka jiko gani?

Jibu langu: jiko dogo, lenye bomba, la matofali kama sakafu ni ya udongo au saruji, na la chuma kama sakafu ni ya mbao, kwa sababu sakafu ya mbao haibebi uzito wa matofali. Likiwa la chuma, chini yake liwekewe vigae au saruji, kaa la moto lisidondoke kwenye mbao.

Mbona dogo? Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu ana vyumba viwili, anaenda kwa fundi anasema, “Nitengenezee kubwa, hapa kuna baridi.” Analeta jiko la kupasha kanisa. Akiwasha, baada ya nusu saa jasho linamtoka. Anafanya nini? Anafunga mlango wa hewa wa jiko ili moto usinzie. Moto unaosinzia ndio mbaya kuliko wote: unatoa moshi mzito, masizi na lami hujaa kwenye bomba, na siku moja lami hiyo inashika moto juu ya dari wewe ukiwa umelala. Nyumba inayoshika joto haihitaji moto mkubwa. Inahitaji moto mdogo unaowaka vizuri, wenye ndimi, kwa muda mfupi.

Ukitaka kujua kama jiko lako linawaka vizuri, toka nje utazame bomba. Mwanzoni moshi utaonekana. Baada ya dakika kumi au kumi na tano, ukiwa bado mweupe mzito au mweusi, basi kuni ni mbichi au umelinyima hewa.

Bomba na tundu la hewa

Usinunue jiko leo na bomba mwaka ujao. Jiko na bomba ni kitu kimoja, kama chungu na mafiga. Kama pesa hazitoshi vyote viwili, ngoja. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu.

Shikeni mambo haya:

(a) Bomba linyooke juu. Kila kona inapunguza mvuto. Lipite ndani ya nyumba mpaka paa, lisitolewe ukutani na kupanda nje kwenye baridi, kwa sababu bomba baridi halivuti.

(b) Lipite juu ya kilele cha paa kwa futi mbili hivi. Likiwa fupi, upepo wa mlima utaurudisha moshi ndani. Liwekewe kofia ya mvua, lakini kofia isilizibe.

(c) Mahali linapopita kwenye dari na mbao za paa, liachiwe nafasi. Likigusa mbao, mbao hukauka mwaka hadi mwaka mpaka siku inaposhika moto bila kuguswa na ndimi. Kata tundu kubwa, weka mabati kuzunguka, usijaze makatoni wala nguo.

(d) Jiko la chuma likae futi tatu kutoka ukuta wa mbao. Kama chumba ni kidogo, pigilia mabati ukutani lakini uyaachie nafasi ya inchi moja nyuma ili hewa ipite. Hapo unaweza kusogeza jiko mpaka futi moja na nusu. Mabati yaliyobandikwa moja kwa moja juu ya mbao hayasaidii sana, kwa kuwa joto linapita.

(e) Toboa tundu la hewa chini, karibu na jiko, lisilopungua upana wa bomba lenyewe. Weka waya wa kuzuia panya. Najua mtasema baridi itaingia. Itaingia kidogo, na moto utaivuta moja kwa moja. Bila tundu hilo, moto utavuta hewa kwa kuishusha kupitia bomba, na moshi utafuata. Na tundu hili lisizibwe kwa gunia mwezi wa Julai. Julai ndiyo lina kazi.

(f) Kama bomba lina kifuniko cha kupunguza mvuto, kisifungwe kabisa wakati kuna kaa hata moja jekundu.

(g) Safisha bomba kila mwezi wakati wa baridi. Funga gunia la katani kwenye kamba pamoja na jiwe, lishushe kutoka juu, lipandishe, lishushe. Masizi yakidondoka yaondoe.

Kuni

Jiko bora likipewa kuni mbichi linakuwa jiko baya. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia motoni, moto unafanya kwanza kazi ya kuchemsha maji hayo. Unakaa unapuliza na machozi yanatoka, halafu unalaumu fundi.

Pasua kuni zikiwa bado mbichi, maana ni rahisi kupasua, vipande vya unene wa kifundo cha mkono. Zipange chini ya paa lenye pande wazi ili upepo upite. Zikae miezi sita. Anayepanga kuni zake Desemba, jua la Januari na Februari likazipata, Julai atakuwa mtu wa kucheka.

Hatulazimiki kupanda msituni kila mara. Matawi ya mubariti tunayopogoa pembeni mwa shamba, mibuni tunayokata, michai iliyopogolewa, muthanduku, magunzi ya mahindi: hizi zote ni kuni za jiko dogo. Jiko dogo halitaki gogo. Mzee wa miaka sabini anaweza kulilisha kwa matawi ya shambani mwake. Wanaochukua kuni katika msitu wa Hombe, Ragati au Chehe wafuate vibali na utaratibu wa chama chao cha msitu. Profesa Wangari Maathai alizaliwa hapa hapa kwetu Nyeri, akaanzisha Green Belt mwaka 1977, na dunia nzima ikamtuza Nobel ya Amani mwaka 2004 kwa kazi iliyoanza na miche mikononi mwa akina mama. Tusimwaibishe.

Usichome plastiki, viatu, wala mbao zilizotiwa dawa kama vipande vya nguzo za stima. Dawa ile ni sumu, na majivu yake ni sumu pia. Usiyatie kwenye mboga.

Na githeri? Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha. Asubuhi yachemke kwa nguvu nusu saa au zaidi, halafu sufuria ikiwa bado inachemka ifunike, iingize kwenye kikapu kilichojazwa nyasi kavu au nguo kuukuu, funga vizuri, nenda shambani. Ukirudi itakuwa imejiivisha sehemu kubwa, umalizie kwa moto kidogo. Kikapu hakina moshi.

KUTENDA

Ndugu zangu, vikundi vyenu vina nguvu ambayo mtu mmoja hana. Napendekeza mfanye hivi.

Kwanza, msinunue majiko ishirini siku moja. Jengeni moja, na mlijenge katika nyumba ndogo kuliko zote, ya mtu aliye na shida kuliko wote. Kama linafaa pale, litafaa kwingine. Mimi nilianza na wenye jikoni za nje, nikafikia mnyonge mwisho, tena kwa jiko lisilomfaa. Msifuate mfano huo.

Pili, pimeni kuni. Chukueni mizani ya mboga au ya kahawa. Siku tatu pikeni kwa jiko la zamani, mkipima kuni kila asubuhi na kinachobaki jioni. Siku tatu pikeni vyakula vile vile kwa jiko jipya. Andikeni kwenye kitabu. Muuzaji akija na maneno matamu, nyinyi mna hesabu yenu.

Tatu, pesa za mzunguko. Badala ya kila mtu kupewa na kwenda kununua analotaka, kikundi kinaweza kumpa mwanachama bomba na bamba la chuma, na matofali na kazi ya mikono ikawa ya wanachama wote. Vijana mliojifunza uashi na kuchomelea, hapa kuna kazi yenu.

Nne, kila kikundi kichague watu wawili wa kutembelea nyumba wakati wa baridi. Wasiende na kitabu cha kuweka alama kama mimi. Waende na maswali: Unalala wapi? Moto unakuwa wapi usiku? Makaa unayapeleka wapi? Tundu liko wazi? Majirani wanaoishi peke yao watembelewe kwanza, hata kama si wanachama, hata kama si wa kanisa letu. Moshi hauulizi dini.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, hata kabla hajafika mbali, alitaja moshi wa kupikia na wa kuotea moto kati ya mambo yanayowaumiza watu, na maskini zaidi. Mimi niliposoma pale nilishangaa. Nilidhani mambo ya masizi ya jikoni ni madogo mno kuandikwa Roma. Kumbe sivyo. Mama anayekohoa mbele ya mafiga saa kumi na moja asubuhi, Mungu anamwona.

Na yule cucu? Kikundi kilimjengea jiko la matofali mwezi ule ule aliotoka hospitali. Bomba linatoka juu ya paa, na tundu liko chini ya dirisha. Makatoni bado yapo ukutani, maana hakuna aliyemwambia ayaondoe. Nyumba yake inashika joto kuliko yangu. Jioni anawasha matawi ya mubariti, anapika, anasubiri makaa yaishe. Mjukuu huegemeza mgongo kwenye matofali akifanya kazi ya shule.

Mara ya mwisho nilipomtembelea, sikufungua kitabu. Nilimuuliza, “Cucu, unalala vipi?” Akacheka, akanivuta mkono nikaguse matofali.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Tukiweka vinga vyetu pamoja, tutapata moto. Lakini tuuachie mahali pa kupumua, na sisi pia tupumue.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayepika na kulala chumba kimoja? Tumemtembelea lini?

2. Wakati wa baridi, nyumba zetu hupashwa joto na nini usiku?

3. Je, kuna mtu katika kijiji chetu aliyewahi kulemewa na jiko la makaa? Tulifanya nini, na sasa tungefanya nini?

4. Kuni tutakazotumia Julai ijayo ziko wapi leo?

5. Jiko la kwanza la kikundi litajengwa nyumbani kwa nani, na lini?